Kabla ya Kuomba Tuta: Namna ya Kupanga Usalama wa Barabara Iliyolemewa Pembezoni mwa Jiji

Barabara nyingi zinazoelekea Goba, Kivule, Chanika au Toangoma zilikuwa njia za kwendea mashambani kabla Dar es Salaam haijazifuata huko zilikokuwa. Leo barabara hizo hizo hupitisha daladala, malori ya mchanga, bajaji, bodaboda, mikokoteni na umati wa watu wanaotembea kwa miguu, na zinafanya kazi mbili zisizopatana: kuwafikisha watu mjini upesi, na papo hapo kuwa soko, kituo na uwanja wa mtaa kwa wanaoishi kandokando yake. Lami inapowekwa, vumbi huondoka na kasi huingia. Mtoto wa kwanza akigongwa, mkutano wa mtaa huitishwa, na ombi linalotoka katika mkutano huo karibu siku zote ni moja: tuwekewe matuta.

Ombi hilo si baya, ila limeanzia mwisho. Kamati inayoomba tuta hupewa tuta, kama itapewa chochote. Kamati inayopeleka vipimo vya kasi, hesabu ya wanaovuka na ramani ya mahali watu wanapogongwa humpa mhandisi swali la kujibu, na jibu lake mara nyingi huwa bora kuliko tuta. Mwongozo huu unaeleza jinsi kamati ya watu sita au saba, wenye simu, tepu ya kupimia na karatasi za manila, wanavyoweza kuandaa mpango wa namna hiyo kwa wiki nne hadi sita.

Mwenye barabara ni nani

Jambo la kwanza ni kujua barabara iko chini ya nani, kwa sababu barua iliyopelekwa pasipohusika haijibiwi haraka, na wakati mwingine haijibiwi kabisa. Kwa Tanzania Bara, barabara kuu na barabara za mikoa husimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na barabara za ndani ya wilaya, mijini na vijijini, husimamiwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Barabara mbili zinazokutana kwenye njia panda moja zinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti, na hapo kila barua iandikwe kwa wote wawili. Barua ya kwanza ya kamati yetu ilikaa miezi miwili katika ofisi isiyohusika, na kosa lilikuwa letu wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuuliza kwa mtendaji wa kata kabla ya kuandika.

Pamoja na hilo, ulizeni upana wa hifadhi ya barabara, yaani eneo lote lililotengwa kwa ajili ya barabara, pamoja na pembezoni mwa lami. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na wakazi wengi huifahamu hifadhi hiyo kwa alama ya X iliyowahi kuchorwa ukutani mwao. Barabara za wilaya zina hifadhi nyembamba zaidi. Upana huo ndio utakaowaambia kama kuna nafasi ya njia ya miguu, mtaro na kituo cha kuingilia daladala, au kama kila kitu kitapaswa kupatikana kwa kugawana upya lami iliyopo. Kupendekeza kitu kinachohitaji kubomoa nyumba 40 ni kuuzika mpango kabla haujazaliwa.

Itembeeni kwanza

Barabara haifahamiki kwa kuiangalia kutoka dirishani mwa gari. Itembeeni yote, pande zote mbili, mara nne: alfajiri wanafunzi wanapokwenda shule, mchana, usiku baada ya saa mbili, na siku moja ya mvua. Mchana usidharauliwe, kwani katika shule zenye zamu mbili za masomo kundi moja la watoto hurudi nyumbani na jingine huja saa ambazo barabara haina foleni na magari yanakimbia. Siku ya mvua itawaonyesha kitu ambacho hakuna ramani inayokionyesha: mahali mtaro unapofurika na watembea kwa miguu wakahamia katikati ya lami kwa sababu pembeni kuna bwawa.

Msitembee peke yenu. Mchukueni mwalimu, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, mama lishe mmoja, konda anayeifahamu ruti hiyo, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Kila mmoja ataona barabara yake. Konda atawaeleza kwa nini daladala hazisimami kwenye kituo rasmi (mara nyingi ni kwa sababu kituo kiliwekwa mita 200 kutoka mahali abiria wanapotaka kushuka), na mama lishe anajua ajali za barabara hiyo kuliko daftari lolote, maana zimetokea mbele ya meza yake.

Chora ramani kwenye manila, hata kama si ya vipimo kamili: njia panda, shule, zahanati, misikiti na makanisa, vituo, vijiwe, kona zisizoonyesha mbele, taa zinazowaka na zisizowaka, mitaro iliyo wazi, na zaidi ya yote mistari ambayo watu huvukia kweli. Mistari hiyo haifanani na mistari ya pundamilia iliyopakwa na mtu ambaye hakuwahi kuteremka kwenye gari.

Kupima kasi kwa saa ya simu

Hii ndiyo sehemu ambayo kamati nyingi huiruka, na ndiyo inayobadilisha mazungumzo na wahandisi. Pimeni mita 50 kandokando ya barabara, wekeni alama mbili za chaki, kisha mtu mmoja aliyesimama mahali anapoziona zote mbili ahesabu sekunde ambazo gari linatumia kutoka alama ya kwanza hadi ya pili. Gawanyeni 180 kwa sekunde hizo na mtapata kasi kwa kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni kilomita 30, sekunde 3.6 ni kilomita 50, na gari linalotumia sekunde 3 linakwenda kilomita 60. Makosa ya kidole hayakosekani, lakini magari 100 yakishapimwa, makosa hayo hufidiana kwa kiasi kikubwa.

Pimeni wakati barabara imefunguka, kwa mfano saa nne asubuhi na saa tatu usiku, kwa sababu kasi iliyopimwa ndani ya foleni haielezi hatari yoyote. Msivae vizibao vya kung'aa, kwani madereva watadhani ni trafiki na mtapima adabu yao badala ya kasi yao. Simameni nyuma ya mti au kwenye kibaraza cha duka, mbali na lami. Yakishapatikana magari 100, yapangeni kutoka la polepole hadi la kasi zaidi na mchukue la 85. Kasi ya gari hilo ndiyo wahandisi wa barabara huitumia kueleza namna madereva wanavyoichukulia barabara, hata kama kibao kinasema vingine. Katika maeneo ya makazi sheria inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa. Mkikuta gari la 85 linakwenda 68, mmepata sentensi ya kwanza ya barua yenu.

Kwa nini kasi ipewe uzito wote huu? Chukulieni dereva anayehitaji sekunde moja na nusu kutoka kumwona mtoto hadi kukanyaga breki, kwenye lami kavu. Kwa kilomita 30, gari lake husimama baada ya mita 18 hivi. Kwa kilomita 50, mita hizo 18 zinakwisha akiwa hata hajagusa breki, na gari huhitaji karibu mita 35 kusimama. Hakuna somo la usalama barabarani, hata likifundishwa vizuri namna gani darasani, litakalompa mtoto wa miaka saba uwezo wa kulizidi pengo hilo. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020, la mkutano wa dunia wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilitaka kasi isizidi kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchangamana.

Kuhesabu watu, si magari pekee

Hesabuni kwa vipindi vya dakika 15, kwa vijiti kwenye karatasi: magari madogo, daladala, malori, bajaji, bodaboda, baiskeli, watembeao kandokando na wanaovuka. Kipindi kimoja mara nne ni makadirio ya saa nzima. Fanyeni hivyo kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na jioni kuanzia saa 11 hadi saa 1, katika siku mbili za katikati ya juma. Jedwali linalohesabu magari tu litaonyesha kwamba barabara ni ya magari madogo. Jedwali linalohesabu watu, kwa kukadiria waliomo kwenye kila daladala, kwa kawaida hugeuza picha hiyo.

Kuhusu ajali, anzeni polisi, kitengo cha usalama barabarani, kwa barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, lakini msiishie hapo. Aliyegongwa na bodaboda akaoshwa kidonda zahanati na kuelewana na dereva papo hapo huenda hakuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, naye hayumo kwenye takwimu za mtu yeyote. Ulizeni zahanati, walimu na vijiwe, bila kuandika majina ya majeruhi: mahali, saa, aina ya chombo, na kilichokuwa kikifanyika, vinatosha. Kisha kaeni saa mbili kwenye kila sehemu inayotajwa sana na muhesabu ajali zilizokoswa, yaani breki za ghafla, watu walioruka nyuma, bajaji zilizokwepa kwa kupanda ukingo. Ajali zilizokoswa ni nyingi kuliko zilizotokea, na hazihitaji kusubiri mtu aumie ili zihesabiwe.

Kuchagua tiba

Kwa kila mahali penye alama nyingi kwenye ramani, ulizeni sababu kabla ya dawa. Anayevuka barabara ya mita 14 kwa mwendo wa kawaida wa mita 1.2 kwa sekunde yumo barabarani kwa sekunde 12, na katika sekunde hizo gari la kilomita 60 kwa saa linatembea mita 200. Maana yake ni kwamba anatakiwa kuona mita 200 kila upande na kukisia kasi ya magari ya pande mbili kwa wakati mmoja, akiwa pengine na mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Wekeni kisiwa cha kusubiria katikati, chenye upana wa mita 2 hivi, na hesabu inabadilika: anavuka mita zisizozidi 7, anaangalia upande mmoja tu, na anahitaji nafasi ya mita 100. Mkipunguza na kasi ikawa 30, mita 50 zinamtosha. Kisiwa ni kitu cha bei ya chini kikilinganishwa na daraja la juu la waenda kwa miguu, ambalo watu wengi hulikwepa kwa sababu linamtaka mama mjamzito apande ngazi ili gari lisipunguze mwendo.

Mistari ya pundamilia peke yake, kwenye barabara pana na yenye kasi, ni rangi. Inaanza kufanya kazi pale kivuko kinapoinuliwa, yaani sehemu bapa ya kimo cha sentimita 10 hivi yenye miteremko pande zote, ili gari lipande kwenye njia ya mtu badala ya mtu kushuka kwenye njia ya gari. Kivuko cha namna hiyo ni tuta na kivuko kwa pamoja, na mbele ya shule au zahanati kiwe chaguo la kwanza.

Sasa matuta yenyewe. Tuta jema la mviringo lina kimo kati ya sentimita 7.5 na 10 na urefu wa karibu mita 3.7 kwa kufuata uelekeo wa gari. Tuta fupi la nusu mita linavunja shokapu, linamtesa mgonjwa aliye kwenye ambulensi, na dereva wa gari kubwa aliyezoea hulipita kwa kasi. Tuta moja peke yake hupunguza mwendo kwa mita chache tu, kisha dereva hufidia kwa kukimbia zaidi. Yakitakiwa kushikilia kasi ya 30, yapangwe kwa mfululizo, umbali wa mita 60 hadi 100 kati ya moja na jingine. Rasta, zile tuta ndogondogo zinazotetemesha gari, ni onyo na hazichukui nafasi ya tuta, na zikiwekwa mbele ya nyumba za watu usiku hakuna atakayelala. Kila tuta lipakwe rangi, litanguliwe na kibao, na liachiwe nafasi ya maji kupita, la sivyo masika yatalifanya kuwa bwawa.

Hapa lazima isemwe waziwazi: msijenge matuta yenu wenyewe. Hasira ya mtaa uliofiwa inaeleweka, na mifuko mitatu ya saruji hupatikana kwa mchango wa jioni moja, lakini tuta lisilo na rangi wala kibao, lililoinuka ghafla gizani, huua kwanza waendesha bodaboda na abiria wao, ambao ni vijana wa mtaa huo huo. Ni kosa kisheria pia, na linampa mwenye barabara sababu ya kuifunga faili yenu.

Vituo vya daladala vinahitaji uangalifu kuliko vinavyopewa. Kituo kiwe baada ya kivuko kwa kufuata uelekeo wa magari, ili anayeshuka avukie nyuma ya daladala anapoonekana, na daladala iliyosimama isimzibe anayevuka mbele yake. Kiwe na sehemu ya kuingia pembeni pale hifadhi inaporuhusu. Sehemu kubwa ya kinachoitwa foleni kwenye barabara hizi hutoka kwenye mambo mawili: daladala inayopakia katikati ya njia, na gari moja linalosubiri kukunja kulia huku 30 yakilisubiri nyuma yake. Nafasi fupi ya kusubiria wanaokunja kulia, hata ya magari manne, huondoa foleni ambayo watu hudhani itaondolewa kwa kuongeza njia mbili. Ikiwa madereva hutanua kwenye bega la barabara, ukingo wa zege ulioinuliwa unafanya kazi hata saa ambazo trafiki hayupo.

Kuhusu kupanua barabara, mtasikia wengi wakiitaka, na mimi nina mashaka nayo kama tiba ya usalama. Njia nne zisizo na kisiwa, vivuko wala njia za miguu huondoa foleni kwa muda na kuacha mahali pagumu zaidi kuvuka kuliko palipokuwa. Kama upanuzi tayari umepangwa, kazi ya kamati ni kuhakikisha vitu hivyo vimo kwenye michoro kabla mkandarasi hajafika, kwa sababu kuvidai baadaye huchukua miaka.

Njia ya miguu na mtaro vipangwe kwa pamoja: mtaro uliofunikwa kwa mabamba imara ni njia ya miguu isiyodai ardhi mpya. Upana wa mita 2 ulio wazi kweli unatosha kwa mahali pengi, lakini neno “wazi” ndilo lenye kazi. Wauza mboga na mama lishe wakiondolewa bila kuonyeshwa pa kwenda watarudi kesho yake. Wakishirikishwa na kuchorewa mstari wao nyuma ya njia ya miguu, watakuwa walinzi wa mstari huo. Vivyo hivyo kwa vijiwe: viondolewe kwenye pembe za njia panda, walau mita 10 ndani, ili anayeingia barabarani aone kinachokuja.

Si lazima mpango uwe mkubwa. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioendeshwa Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, ulitumia vitu vya namna hii hii mbele ya shule, yaani njia za miguu, matuta, vivuko na vibao, na mwaka 2019 ulishinda Tuzo ya WRI Ross ya Miji, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute.

Faili na kalenda

Andikeni kurasa nne au tano tu: ramani, jedwali la kasi, jedwali la watu, orodha ya ajali na zilizokoswa, kisha mapendekezo mkiyapanga kwa muda. Yanayowezekana ndani ya wiki chache, kama kukata matawi yanayoziba vibao, kupaka rangi na kuhamisha kijiwe, yatangulie, kwa kuwa humpa mwenye barabara nafasi ya kuanza bila kusubiri fedha. Yafuate yanayohitaji bajeti ya mwaka mmoja, kama vivuko vilivyoinuliwa, visiwa na taa, na mwisho yale ya miaka kadhaa. Elezeni tatizo na lengo, kwa mfano kasi mbele ya shule ishuke hadi 30, na muachie mhandisi usanifu. Pale mtakapomwagiza kila kipimo atatafuta kosa kwenye vipimo vyenu badala ya suluhisho. Kabla ya hapo, ulizeni shirika la umeme, TANESCO, na mamlaka ya maji kama wana nguzo au mabomba ya kuhamisha, maana njia mpya ya miguu iliyochimbwa baada ya miezi mitatu ni jambo la kawaida mno.

Faili lipite mkutano wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nakala iende kwa diwani, kwa polisi na kwa ofisi ya mwenye barabara, kila nakala ikigongwa muhuri wa kupokelewa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na bajeti huanza kupangwa miezi mingi kabla. Faili lililofika Mei linaomba fedha zilizokwisha kugawanywa. Lengeni Oktoba au Novemba.

Kazi ikishafanyika, rudini kwenye alama zile zile za chaki, saa zile zile, mpime tena magari 100: mara moja baada ya mwezi, na mara nyingine baada ya miezi sita madereva wakishazoea. Kama gari la 85 limeshuka kutoka 68 hadi 38, pelekeni jedwali hilo ofisini pamoja na shukrani, kisha mwombe awamu ya pili. Kama halijashuka, pelekeni pia. Na mtu mmoja kwenye kamati apewe jukumu la rangi: mistari ya kivuko hufutika kwa matairi na vumbi la mchanga, kwa hiyo aikague kila mwisho wa Desemba na mwisho wa Juni, kabla shule hazijafunguliwa.